Arobaini ya Jumbe Kiboko

Hapo kale, zamani hizo wanyama walipokuwa na milango ya kufunga na mafiga ya kupikia, palikuwa na kijiji kando ya mto, na kijiji hicho kilikuwa na jumbe. Jumbe mwenyewe alikuwa Kiboko. Msiniulize alichaguliwa na nani. Alikaa kwenye kiti siku moja, na watu wakachoka kungoja ainuke.

Kazi za Jumbe Kiboko zilikuwa tatu: kula, kulala na kutoa amri. Kula alikuweza. Kulala alikuweza zaidi. Hizo amri ndizo zilizowatesa watu.

Nyumba ya tatu kutoka kwa Jumbe aliishi Nguchiro, mama wa watoto wanne, mwembamba, mwepesi, mwenye macho yasiyotulia. Ungemweka juu ya mguu wa Kiboko, Kiboko asingejua kama kuna kitu. Lakini alikuwa na ulimi, wanangu, na akili ya kujua lini autumie.

Sasa, akina mama wa kijiji hicho walikuwa na desturi yao. Mmoja akijifungua, alilazwa ndani siku arobaini, hatoki mlangoni. Alifungwa mkaja, ile nguo ndefu ya kukaza tumbo la mzazi. Alikandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Na wenzake walipokezana zamu. Leo Ngiri analeta kuni, kesho Kwale anapika uji wa mtama wenye pilipili manga, keshokutwa Nguchiro anambeba mtoto ili mama apate usingizi. Hakuna aliyeomba wala aliyebembelezwa. Zamu yako ikifika, unakwenda.

Nguchiro aliijua thamani ya zamu hizo. Kuwazaa wanne wake kwa mpigo mmoja kulimpa homa kali, na Ngiri ndiye aliyewanyonyesha wale wanne siku sita nzima, pamoja na wa kwake watatu. Nguchiro hakulisahau jambo hilo hata siku moja.

Basi Digidigi akajifungua mtoto wa kiume, mtoto wake wa kwanza. Zamu zikaanza. Asubuhi ile ile Kwale akapita na bakuli la uji mbele ya baraza la Jumbe, na harufu ikaingia puani mwa Kiboko. Mnajua pua ya Kiboko ilivyo. Harufu iliingia yote, haikubaki hata ya kuwapa jirani.

"Ule uji unakwenda wapi?" akauliza.

"Kwa mzazi, Jumbe," akajibu Nyati, askari wake.

"Mimi je?"

Nyati akafikiri. Nyati alikuwa na nguvu za kung'oa mti, ila kichwani mwake liliingia wazo moja tu kwa wakati, na likiingia halitoki. "Jumbe hajazaa," akasema mwishowe.

Jioni Nyati akapiga mbiu, pu, pu, puuu, na watu wakakusanyika. Kiboko akatoa amri mbili bila hata kuinuka.

"Amri ya kwanza. Ni marufuku mama yeyote kuingia nyumba ya mzazi kumsaidia. Mnakwenda kupiga soga, halafu mnaita kusaidiana. Mzazi ajitegemee. Amri ya pili. Chakula chochote cha mzazi kiletwe kwanza uani kwangu, nikikague mwenyewe. Kisimfikie mzazi kabla sijakikagua."

"Utakikagua kwa nini, Jumbe?" akauliza Nguchiro.

"Kwa mdomo," akasema Kiboko.

Na mdomo wenyewe mnaujua. Ukaguzi ukianza, kilichobaki ni chombo. Kwale alipika, Kiboko alikagua, na bakuli lilirudi safi kama limeoshwa. Nyati akasimamishwa mlangoni kwa Digidigi, asipite mtu.

Siku ya nne Nguchiro hakuweza kuvumilia. Alizunguka nyuma ya nyumba, akachimba chini ya ukuta, kwaru kwaru kwaru, akatokea chini ya kitanda cha Digidigi. Alimkuta mama yule amekaa na mtoto mapajani, midomo imemkauka.

"Maziwa hayatoki, dada," akasema Digidigi kwa sauti ndogo. "Jana yalitoka kidogo. Leo hakuna kitu."

"Na mtoto?"

"Mwanzo alikuwa analia. Sasa halii. Nikadhani ametulia."

Nguchiro akamwinua mtoto. Shingo ililegea, na pua, ambayo ilipaswa kuwa na unyevu, ilikuwa kavu. Hakuwa ametulia. Alikuwa amechoka kulia, na mtoto wa siku nne akichoka kulia zimebaki siku mbili, pengine moja. Nguchiro aliogopa, kisha akakasirika mpaka mkia ukasimama.

"Usilale usingizi mzito," akamwambia. "Mshikilie kifuani asipoe. Uji utaupata leo."

"Utaupitisha wapi? Bakuli halipiti kwenye shimo hilo, na Nyati yuko mlangoni."

"Nyati nitamhamisha," akasema Nguchiro, akarudi chini ya ukuta.

Alikwenda moja kwa moja kwa Jumbe. Alimkuta Kiboko amejilaza kitini barazani, na mkewe, Bi Kiboko, yuko uani akisugua masufuria, mwana wao mdogo akimvuta nguo.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Kama ni habari za Digidigi, sitaki kusikia."

"Hana maziwa, Jumbe. Mtoto atakufa."

Kiboko akapiga miayo, na miayo yake peke yake ilichukua muda. "Nyinyi wanawake mnanichosha. Huyo Digidigi amechoshwa na nini? Analala siku arobaini. Anapikiwa, anakandwa, anafungwa nguo nzuri tumboni. Kazi iko wapi hapo? Mimi nabeba kijiji kizima, na hakuna aliyewahi kunikanda hata kisigino."

Maneno yalimjaa Nguchiro mdomoni, maneno makali, tena mengi. Akayameza yote. Alikuwa ameona mlango, na mlango huo Kiboko aliufungua mwenyewe.

"Jumbe amesema kweli," akasema, akiketi vizuri. "Sijui kwa nini hatukuliona mapema. Heshima zote zile tunampa kiumbe mdogo vile, na mkubwa wa kijiji amekaa hapa hakandwi."

Sikio moja la Kiboko likasimama. "Uji wa mzazi ni kiasi gani?"

"Wa Digidigi, bakuli. Kwa umbo la Jumbe, makarai matatu."

"Kwa siku?"

"Kwa mlo. Asubuhi, mchana, jioni. Ndivyo mama anavyostahili, siku zote arobaini."

Sikio la pili likasimama. "Basi nami nalazwa arobaini," akasema Kiboko. "Kuanzia leo."

"Hapana, Jumbe, tafadhali," akasema Nguchiro. "Kuna masharti."

"Masharti gani yatakayonishinda mimi?"

"Madogo. Hata Digidigi anayaweza. Lakini Jumbe akilala siku mbili kisha akatoka, watu watacheka. Watasema arobaini ile ile anayolala Digidigi imemshinda Kiboko. Bora tuache."

Ewe, lo. Kiboko alivimba mpaka kiti kikalia. Akamwita Nyati kutoka kule mlangoni kwa Digidigi, na Nyati akaja mbio, dududu dududu.

"Nyati, sikiliza. Naingia arobaini. Simama mlangoni kwangu, usiende pengine popote. Masharti yote ya mzazi yafuatwe kwangu. Nisitoke. Hata nikikuamuru mwenyewe nitoke, usinisikilize."

"Hata Jumbe akiniamuru?"

"Hata nikikuamuru."

"Na Jumbe akilia?"

"Mpumbavu wewe, nitalia kwa nini?"

Nyati akaliingiza wazo hilo kichwani, likakaa.

Ikabaki kumfunga mkaja. Wakatafuta kijiji kizima, hapakuwa na mkaja wa kulizunguka tumbo lile. Ndipo Bi Kiboko alipofuta mikono, akaingia ndani, akatoka na nguo ndefu iliyokunjwa vizuri, imefubaa.

"Huu utamtosha," akasema. "Ni wangu. Nilipojifungua nilimwita mwenye nyumba mara tatu, akaniambia nisipige kelele, amelala. Na kwa mke wa jumbe hakuna aliyethubutu kubisha hodi. Nikaufunga peke yangu, nikaukaza kwa meno."

Nguchiro akainamisha kichwa kwa aibu, kwa sababu ilikuwa kweli. Zamu zile zote, na mlango huo walikuwa wameuruka.

"Leo tuko pamoja," akasema.

"Leo tuko pamoja," akajibu Bi Kiboko. Akaweka goti ubavuni mwa mumewe, akavuta. Kwiii.

"Polepole!" akasema Kiboko.

"Mzazi hapigi kelele. Atamshtua mtoto."

"Mtoto gani?"

"Ala," akasema Nguchiro. "Arobaini bila mtoto? Hiyo itakuwa ugonjwa tu. Jumbe si husema kila siku barazani kuwa yeye ni baba wa kijiji? Basi wanao hawa."

Wakaingia. Wa Nguchiro wanne, wa Ngiri watatu, vifaranga tisa wa Kwale, na mwisho yule mtoto wa Kiboko mwenyewe, ambaye baba yake hakuwahi kumbeba hata kumvusha dimbwi. Bi Kiboko akapiga fundo la mwisho, akatoka. Mlango ukafungwa, na Nyati akauziba kwa mgongo.

Haukupita muda, Kwale akafika na makarai matatu ya uji, mvuke unapanda. Nyati akamzuia uani.

"Hicho chakula cha nani?"

"Cha mzazi wa humo ndani."

"Kiwekwe chini. Amri ya pili. Kisimfikie mzazi kabla Jumbe hajakikagua hapa uani."

Sauti ikatoka ndani. "Nyati, lete uji."

"Haujakaguliwa, Jumbe."

"Mkaguzi si ni mimi?"

"Ndiyo, Jumbe. Njoo uani ukague."

"Basi fungua mlango."

"Jumbe aliniamuru nisifungue, hata akiniamuru."

Kisha ukasikika mlio wa mtu anayepiga kichwa chake ukutani, taratibu, pu, pu.

"Nyati, ndugu yangu," akasema Nguchiro kwa upole, "uji huu ukikaa utachacha, na nzi watajaa uani kwa Jumbe. Kuna amri inayokataza kuumwaga?"

Nyati akafikiri mpaka akakunja uso. "Kumwaga hakukukatazwa."

"Basi tunakwenda kuumwaga."

Wakaubeba, Nguchiro na Kwale na Ngiri na Bi Kiboko, wakaumwaga. Waliumwaga polepole, bakuli baada ya bakuli, kooni mwa Digidigi. Mlango wake ulikuwa hauna askari tena. Ngiri akamchukua mtoto, akamdondoshea maziwa yake mdomoni tone moja moja. Kwale akawasha moto. Bi Kiboko akachemsha maji, akamkanda Digidigi mgongo kwa mikono yake mizito, kwa upole ambao hakuna aliyejua kuwa anao. Digidigi akalia, si kwa maumivu. Alilia kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu ajifungue alikuwa amefumba macho bila hofu.

Na kwa Jumbe je?

Kwa Jumbe, wanangu, kulikuwa na kazi. Vifaranga walimdonoa masikio, chwi chwi chwi. Wa Ngiri walichimba chini yake wakitafuta mizizi, kwi kwi kwi. Wa Nguchiro waliingia ndani ya mkaja upande mmoja wakatokea upande wa pili, wakarudi tena. Mama zao waliwaita dirishani kuwalisha, wakawarudisha ndani. Mmoja akilala, mwingine anaamka. Huyu ana njaa, yule amejikojolea, yule anataka kujua kwa nini Jumbe ana manyoya machache kidevuni na kama yanang'oka. Yaling'oka.

Tope la mto lilikuwa hatua ishirini, na ngozi yake ilianza kukauka na kumvuta. Asubuhi na jioni Nyati alimpitishia dirishani maji ya moto ya kujikanda, kwa sababu hilo nalo ni sharti. Uji ulipikwa mara tatu kwa siku, ukawekwa uani, haukukaguliwa, ukaenda kumwagwa. Msimhurumie. Alikuwa na akiba ya miaka mingi tumboni.

Siku ya tatu akashindwa. Sauti ile iliyozoea kuamuru kijiji ilitoka dirishani nyembamba.

"Nguchiro. Mama Nguchiro. Nisaidieni."

Nguchiro akapanda dirishani. "Hujambo, Jumbe? Arobaini inakwendaje?"

"Nimekufa."

"Siku ya tatu tu hii."

"Ingia. Mshike hata mmoja, nifumbe jicho. Hata huyo mdogo."

"Natamani, Jumbe. Lakini ni marufuku mama yeyote kuingia nyumba ya mzazi kumsaidia. Mzazi ajitegemee."

Nafikiri hapo ndipo Kiboko aliposikia amri zake kwa mara ya kwanza, maana siku alipozitoa alikuwa anasikiliza tumbo.

"Naitangua," akasema.

"Nyati hajasikia."

"Naitangua amri ya kwanza! Na ya pili! Mtembeleane, mpikiane, mpige soga mpaka mchoke!"

Kijiji chote kilikuwa kimekusanyika nje, na wote walisikia. Nyati akaitikia kwa kichwa. Lakini hakuondoka mlangoni.

"Fungua sasa, Nyati."

"Jumbe aliniamuru—"

"Najua nilivyokuamuru!" Na hapo Kiboko akalia. Ndiyo, Jumbe alilia, na machozi yake yalikuwa makubwa kama yeye.

Nyati akahangaika. Akamgeukia Nguchiro. "Amelia. Aliniuliza atalia kwa nini. Sasa nifanyeje?"

"Fuata masharti ya mzazi," akasema Nguchiro. "Anayemtoa mzazi nje ni yule aliyemfunga mkaja. Akiufungua yeye, arobaini imekwisha."

Watu wote wakamtazama Bi Kiboko. Akaenda mlangoni taratibu, Nyati akampisha, akaingia. Akashika fundo, lakini hakulifungua.

"Siku tatu umekaa na mwanao," akamwambia mumewe. "Nitajie jina lake."

Kiboko akafungua mdomo, ule mdomo mkubwa wa kukagulia, na mara hii haukuwa na kitu. Alitazama juu. Alitazama chini. Hakulijua. Mtoto ana miaka miwili, analala nyumba moja naye, anaitwa kila siku kula, kuoga na kulala, na baba hakulijua jina lake. Watu hawakucheka. Kuna upumbavu unaopita kiwango cha kuchekwa.

Yule mtoto alikuwa amesinzia, kidevu chake juu ya mguu wa baba yake. Akafumbua jicho moja, akajinyoosha hadi kwenye sikio lililodonolewa na vifaranga, akanong'ona:

"Sema Tunu, baba."

"Tunu," akasema Kiboko.

Bi Kiboko alisikia vizuri nani alisema kwanza. Akalifungua fundo hivyo hivyo. Hakulifungua kwa ajili ya mumewe. Alilifungua kwa ajili ya yule aliyenong'ona. Akamchukua Tunu begani, na Tunu akarudi kulala hapo hapo, uzito wote shingoni mwa mama. Bi Kiboko akafumba macho kidogo.

"Kuegemeana hivi ndiko ulikokuwa unakutafuta," akamwambia mumewe. "Ulidhani ni uji."

Kiboko akamtazama mkewe na mtoto yule aliyelala. Kwa kitambo kifupi alikaribia kuelewa. Kisha akauliza kama kuna karai lililobaki. Halikuwapo. Akaenda zake mtoni, chubwi, akazama mpaka puani.

Mtoto wa Digidigi alisimama kwa miguu yake wiki ile ile. Siku ya arobaini alitolewa nje mbele ya wote, akampiga Nyati teke la goti, na mama yake akafurahi hata akashindwa kumkaripia. Zamu zikaendelea, na orodha ya milango ikaanzia nyumba ya Jumbe, ili usirukwe tena mlango wa mtu yeyote, mdogo wala mkubwa.

Kiboko huko mtoni alimsimulia kila aliyepita kwamba yeye amewahi kulala arobaini nzima, na kwamba si kazi ngumu. Lakini mtazameni hadi leo. Akisikia tu mtoto analia ukingoni, huyo, anazama.

Hadithi yangu naiacha hapo, na funzo lake ni hili: mama hahitaji jumbe wa kumpangia, anahitaji mwenzake mlangoni na bakuli mkononi.